Benevento, Mji Uliobadilishwa Jina

Naitwa Tabu. Ni jina la bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa Pangani baada ya mama yake kushikwa na uchungu siku mbili, na kwetu jina hilo halimshtui mtu: kuna kina Shida, kuna kina Mashaka, kuna kina Sikujua. Italia ni habari nyingine. Kila nikijitambulisha, mwenyeji hukunja uso kidogo, maana sikio lake limesikia tabù, neno lao la mwiko. Basi niliposoma kwamba si mbali na Napoli ninakoishi upo mji ambao Warumi waliubadilisha jina kwa sababu lilikaa vibaya masikioni mwao, nikasema huko sharti nifike.

Nilidamka, nikapanda treni, nikabadilisha Caserta. Baada ya hapo reli inaingia bondeni, kati ya mashamba ya mizabibu na milima ya Sannio. Hii ndiyo nchi ya Wasamniti, watu wa milimani waliowasumbua Warumi kwa miaka mingi. Mwaka 321 KK waliliziba jeshi zima la Kirumi katika njia nyembamba ya milimani, mahali panapoitwa Forche Caudine, wakawalazimisha askari kupita wameinama chini ya nira kabla ya kuwaachia.

Mji wa Wasamniti uliokutana na Warumi uliitwa kwa Kilatini Maleventum. Nyuma ya jina hilo wataalamu wanaona jina la Kigiriki, Maloenton au la kufanana nalo, na wapo wanaolihusisha na matofaa, wapo wanaolihusisha na kondoo. Vyovyote iwavyo, halikuwa na ubaya wowote. Ubaya uliingia lilipofika kwenye masikio ya Kilatini, kwa kuwa male kwao ni "vibaya", na sehemu iliyobaki inafanana na kitenzi chao cha kuja. Wakasikia "ujio mbaya". Mwaka 275 KK walipambana na mfalme Pyrrhus wa Epiro, nchi ya Wagiriki ng'ambo ya bahari, aliyekuja na tembo wa vita, na inasimuliwa kwamba pambano lilikuwa karibu na mji huu. Pyrrhus akarudi kwao. Mwaka 268 KK Warumi wakaleta walowezi wao, na jina likawa Beneventum, ujio mwema. Plinius Mzee, mwandishi wa Kirumi, anaandika kwamba jina lilibadilishwa kwa ajili ya ndege njema. Wala hawakuishia hapo. Mji wa Epidamnos, ng'ambo ya bahari ya Adria, nao waliukimbia jina, maana damnum kwao ni hasara, wakapendelea kuuita Dyrrachium.

Kutoka stesheni nilitembea moja kwa moja na barabara ya Viale Principe di Napoli, nikavuka daraja la mto Calore, nikaanza kupanda mjini. Nilikwenda kwanza kwenye tao la Traianus, la mwaka 114, lililojengwa pale ilipoanzia barabara mpya ya kaisari huyo kuelekea bandari ya Brindisi. Ni marumaru juu hadi chini, na limechongwa kila mahali. Nilikaa sana pale katikati, chini ya tao lenyewe. Ukutani kaisari anagawa msaada kwa watoto wa maskini, na baba mmoja amembeba mwanawe mabegani, kama wanavyobebwa watoto siku ya sikukuu ili waone mbele. Nilimtazama baba yule hadi shingo ikaniuma. Katika zama za kati tao liliingizwa ndani ya ukuta wa mji, likawa lango, nalo likapata jina lake jipya: Porta Aurea, Lango la Dhahabu.

Kisha nikafuata Corso Garibaldi hadi uwanja mdogo wa Piazza Papiniano. Hapo ndipo nilipokuwa na hamu napo kuliko pote. Umesimama mnara wa mawe mekundu ya matale wenye maandishi ya Kimisri ya kale, yale ya ndege, macho na nyoka. Katika utawala wa kaisari Domitianus, mwaka 88 au 89, hapa lilijengwa hekalu la Isis, mungu wa kike wa Wamisri, na minara miwili ikasimamishwa kwa heshima yake. Maandishi hayo yanamtaja Isis kuwa bibi wa Benevento. Yaani jina walilolitengeneza Warumi liliandikwa upya, sauti kwa sauti, kwa herufi za Afrika. Nilizunguka mnara mara tatu. Sijui kuusoma, lakini nilijua kwamba mahali fulani kati ya zile picha jina la mji lipo, na lilinigusa kuliko tao.

Kanisa la Santa Sofia, alilojenga katika karne ya 8 Arechis II, mtawala wa Walombardi, watu wa asili ya Kijerumani waliotawala hapa baada ya Warumi, ni dogo, na ndani nguzo zake zimepangwa kwa namna inayokuzungusha hadi hujui mbele ni wapi. Liko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2011. Enzi hizo mji ulikuwa makao ya watawala, na mwandiko uliotumiwa kusini mwa Italia kwa karne kadhaa bado unaitwa kwa jina lake, mwandiko wa Kibenevento. Jina jema lakini halikuwazuilia mabaya. Februari 1266 mfalme Manfredi wa Sisilia aliuawa vitani hapa, na mwaka 1943 mabomu yaliangusha kanisa kuu.

Jioni nilinunua torrone, kashata yao ya asali na lozi, kwa mama mmoja mwenye duka dogo. Nikamwuliza jina la mji lina maana gani. "Upepo mzuri, signora," akajibu mara moja. "Zamani ulikuwa upepo mbaya." Kwa Kiitaliano vento ni upepo, naye amesikia kwa lugha yake, kama walivyosikia Warumi kwa yao. Akaniuliza langu. Nikamwambia Tabu, nikaona uso unaanza kukunjika, nikawahi kumweleza: siku mbili za uchungu, Pangani, bibi yangu.

Akanyamaza, kisha akaweka kipande kingine cha torrone juu ya mizani.

"Na bibi aliishi?"

"Miaka themanini na mitatu."

"Tabu," akasema, safari hii polepole, bila kuikaza sauti mwishoni kama wanavyofanya wengine. Akafunga karatasi, akanipa.