Saksafoni la babu lipigwe au libaki juu ya kabati?

Tabora hii ndo iliyotoa bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, kwa hiyo vyombo vya zamani bado vipo majumbani, unakuta saksafoni limefunikwa kanga juu ya kabati na wajukuu hawaruhusiwi hata kuligusa. Mi nasema lipigwe jamani. Likikaa tu, zile ngozi ndogo zinazoziba matundu zinakauka zinapasuka, ukipuliza hewa inavujia pembeni noti haitoki. Gita nalo, nyuzi zikiachwa zimekazwa miaka yote huku kiangazi kinakausha mbao, shingo inapinda.

Kule Genoa, Italia, fidla ya Paganini, yule mpiga fidla maarufu wa zamani, iliyotengenezwa mwaka 1743, ni mali ya mji, inatunzwa sana na bado inatolewa inapigwa. Sawa, ile iliyotengenezwa na fundi Stradivari mwaka 1716, iliyoko makumbusho ya Oxford haipigwi, imebaki karibu kama mpya na mafundi wanajifunza kwayo, hapo sibishi. Ila saksafoni la babu hapa mtaani Isevya lipelekeni kwa fundi kwanza, msilisugue na polishi, afu apewe kijana anayepuliza kanisani, na mzee amwelekeze vidole akiwa bado ana nguvu.