Daftari liwe mezani
Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, na sharti langu ni moja: daftari liwe mezani kila kikao. Yeyote alifunue, akague risiti, aulize kwa nini nauli imepanda. Maswali hayo hayanikeri hata kidogo.

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi (2009), alichunguza watu wanaotumia pamoja misitu, mifereji na maeneo ya uvuvi. Pale matumizi hayo ya pamoja yalipodumu, wasimamizi waliwajibika kwa watumiaji wenyewe, na adhabu zilianza ndogo, zikapanda kwa aliyerudia kosa.

Viongozi wengi huanza na faini kubwa. Napinga kabisa. Aliyechelewesha rejesho mara ya kwanza aonywe tu. Akitishwa atatuficha shida yake, nasi tutaijua mkopo ukiwa haulipiki tena.