Sanduku nililoliondoa katika sura ya tatu

Riwaya ninayoiandika kwa mwaka wa pili sasa ni ya taharuki, na inakwenda katika nyakati mbili. Mjukuu anarudi kutoka Muscat kuja kuiuza nyumba ya kale ya bibi yake iliyoko Shangani, Unguja, mbele ya bahari, na kila baada ya sura yake moja inafuata sura inayomwonyesha bibi huyo akiwa bado mwari katika nyumba hiyo hiyo. Katika sura ya tatu nilikuwa nimeweka sanduku la njumu, na ndani yake, chini ya kanga zilizokunjwa, barua ambayo haikuwa imefunguliwa kwa miaka 60. Niliipenda sana barua ile. Mambo yote ya riwaya yalikuwa yameegemea juu yake.

Aliyeniharibia ni mama mkubwa, ambaye nilimsomea sura hiyo alasiri moja akiwa anachambua mchele.

"Mwanangu, huyo bibi alikufa au hakufa?"

"Alikufa, mama."

"Na warithi wake hawakugawana?"

Nikamwambia kwamba nadhani waligawana. Akapeta ungo mara mbili kabla ya kunijibu. "Basi sanduku lilifunguliwa. Lilifunguliwa, likakung'utwa, na kanga zikagawiwa hata arobaini haijafika. Hiyo barua ilisomwa, ila walioisoma walinyamaza."

Sikulala vizuri siku ile, kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Kitasa kilichokaa bila kuguswa kwa vizazi viwili ni jambo la nyumba zenye watu wachache na vyumba vingi. Nyumba zetu za mawe zina desturi nyingine. Upana wa chumba hufuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, mtu hupita cha mwenzake ili afike chake, na anayekohoa juu husikika uani. Isitoshe, mirathi haiwezi kugawiwa mpaka mali yote ijulikane, na hakuna mrithi atakayekubali sanduku moja liachwe limefungwa kwa heshima ya marehemu. Siri katika nyumba kama hizo hufichwa na watu wanaoijua wote, kila mmoja akijua kwamba mwenzake naye anaijua.

Nikalazimika kutafuta upya kitu cha kuziunganisha nyakati zangu mbili, na nilikipata Mtoni, kaskazini kidogo ya mji, kwenye magofu ya kasri alimozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844. Kisa chake tunakifahamu tangu utotoni kama kisa cha binti wa Sultani aliyetoroka na Mjerumani, na kwa sababu tunakifahamu hivyo, wengi wetu hatujakisoma kama kinavyostahili kusomwa, yaani kama taharuki ya familia moja. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Nilizirudia polepole, nikiwa na kalamu mkononi, nikitafuta ufundi badala ya historia.

Nyumba yenyewe ni zawadi kwa mwandishi. Salme anakadiria kwamba Mtoni kulikuwa na watu wapatao 1,000, wakiwamo masuria waliotoka nchi mbalimbali, watoto wao na watumishi. Mbele ya Sayyid Said, Sultani na baba yake Salme, kilitakiwa kisemwe Kiarabu tu, lakini alipogeuza mgongo kila kundi lilirudia lugha yake, Kiajemi, Kituruki, Kiswahili, Kihabeshi na lugha ya Wacherkessi, watu wa Kaukazi, aliyoizungumza mama yake Salme. Siri iliweza kusemwa kwa sauti ya kawaida uani, katikati ya tausi na paa waliofugwa humo, na nusu ya waliohudhuria wasiambulie neno. Hakuna pazia linaloshinda hilo.

Ila kilichonishika zaidi ni jambo dogo. Mabinti wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, si kuandika. Salme alijifundisha kuandika kwa siri, akiigiza herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ukiwa mwandishi wa taharuki unalijua jambo hili linapopita mbele yako: silaha imekwisha kuonyeshwa, na msomaji hajaitambua kuwa ni silaha.

Ikatumika mwaka 1859. Sayyid Said alikuwa amefariki baharini mwaka 1856, mwanawe Majid akakalia kiti cha Unguja, na mdogo wake Barghash akaanza kula njama za kumwondoa. Dada yao Khole, ambaye Salme alimpenda kupita kiasi, alikuwa upande wa Barghash, na akamvuta Salme huko ingawa Majid ndiye aliyemlea kwa wema. Walihitaji mtu wa kuandika barua. Msichana wa miaka 15 akawa katibu wa uasi dhidi ya kaka yake mwenyewe, akiandika barua za kuagiza bunduki na baruti.

Nyumba ya Barghash ilipozingirwa na askari, Khole na Salme walikwenda huko na wanawake wao, wakaingia, na walipotoka Barghash alikuwa katikati yao amevikwa nguo za kike na shela, hakuna kilichoonekana isipokuwa macho. Walipita mbele ya walinzi. Walinzi hawakuthubutu kuwakagua mabinti wa Sayyid Said. Mtu akiniletea tukio hilo kama la kubuni nitamwambia amezidisha. Uasi wenyewe ulivunjwa kwenye shamba la Unguja liitwalo Marseille kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki mjini na ndugu ambao kila mmoja alijua mwandiko ule ulikuwa wa nani.

Miaka iliyofuata naipitia upesi, kama nitakavyoipitia katika riwaya. Alimfahamu Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg aliyekuwa jirani, akashika mimba, na mwezi wa Agosti 1866, wakati wa Siku ya Mwaka wanawake walipokwenda kuoga pwani, akapanda mashua iliyompeleka kwenye manowari ya Kiingereza, Highflyer. Aden akabatizwa na kuolewa. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi asiyoizoea.

Wakati wa pili ni 1885. Salme anarudi Unguja ndani ya meli ya Kijerumani, pamoja na manowari za Bismarck, chansela wa Ujerumani, kuja kudai urithi wake. Anayekalia kiti sasa ni Barghash, yule yule aliyetolewa nyumbani kwake amevaa shela. Hakumpokea. Watu wa mji walimfuata njiani wakimsalimu, lakini kaka yake hakutaka kumwona. Akaenda Mtoni, akaikuta nyumba imeporomoka na ngazi zake zimeota majani.

Wengi wanaoandika riwaya za nyakati mbili huutumia wakati wa pili kama mpelelezi: kazi yake ni kuja kuufumbua wa kwanza. Hapa hakuna cha kufumbua, maana Barghash anajua, Salme anajua, na wazee waliosimama barabarani wanajua. Kinachomtia msomaji wasiwasi ni kama deni litatajwa. Naona hofu hiyo ni kubwa kuliko ya barua iliyofichwa chini ya kanga, kwa kuwa barua ikishasomwa imekwisha, lakini deni lisilotajwa hukua kila watu wawili wanapokaa meza moja.

Kuna na jambo jingine, ambalo nililigundua kwa kuchelewa na ambalo limenilazimisha kuandika upya sura sita. Mkono uliojifunza juu ya mfupa wa ngamia, ukaandika barua za uasi, ndio ulioandika kumbukumbu zile, na katika kumbukumbu hizo Salme anasimulia mambo ambayo hakuna mtu wa nyumba ile angethubutu kuyatoa nje: wivu wa masuria, ugomvi wa ndugu, hata njama yenyewe na sehemu yake ndani yake. Lakini ile mimba haipo. Mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa Aden na kufariki akiwa mchanga, hayupo. Habari hizo zimefika kwetu kwa njia nyingine. Aliyeifungua nyumba nzima alibakisha chumba kimoja, na hakukitia kitasa. Alikipita tu, kana kwamba ukuta unaendelea. Sijui mbinu ya taharuki iliyo nzuri zaidi ya hiyo, ingawa nina hakika kwamba kwake haikuwa mbinu.

Basi sanduku nimeliondoa. Barua ipo bado, lakini sasa inasomwa mapema, siku ya kugawana mirathi, mchana, mbele ya warithi wanane na sinia la kahawa lililokwisha kupoa. Mjukuu anapofika kutoka Muscat hapati kitu cha kuchimbua. Anapata shangazi wanaomkaribisha vizuri mno na kubadilisha mazungumzo kila anapoiuliza nyumba iliandikwa kwa jina la nani. Sura hiyo nayo nimekwisha kumsomea mama mkubwa. Hakuilalamikia. Aliuliza jambo moja tu: kati ya wale wanane, nani alikuwa akiwasomea wenzake? Nimeurudia ukurasa mara kadhaa, na bado sijamjibu.