Kumbukumbu ya mradi: Ninja kwenye Mac mini G4 yenye Leopard

Ninja 1.8.2, programu inayosimamia kazi ya kugeuza msimbo kuwa programu, sasa inafanya kazi kwenye Mac mini yangu. Safari bado haijaisha, lakini hatua hii ndiyo iliyonisumbua kuliko zote, kwa hiyo naiandika nikiwa bado naikumbuka vizuri.

Mashine yenyewe ni Mac mini ya mwaka 2005: prosesa PowerPC G4 ya GHz 1.42, RAM ya GB 1 (ina nafasi ya kipande kimoja tu, zaidi ya hapo haipokei), na mfumo wa Mac OS X 10.5.8, yaani Leopard. Niliinunua kwa mzee mmoja mwenye duka la uchapishaji pale Nasser Road, Kampala. Kabla hajanikabidhi aliniuliza, "Kijana, hii utaifanyia nini? Wenzako hapa dukani hata kuiwasha hawataki." Nikamjibu, "Mzee, nina picha za kuskani." Ndiyo kweli. Skana niliyonayo ina dereva ya PowerPC, na picha za zamani za familia yetu ya Bombo zimejaa sanduku zima. Kuweka Linux humo kungenipa programu mpya kirahisi, ila skana ingebaki pambo mezani. Leopard inabaki.

Ninachotaka mwishowe ni libjpeg-turbo, maktaba ya kubana na kufungua picha za JPEG. Tangu toleo la 1.5 ina msimbo ulioandikwa mahususi kwa AltiVec, ile sehemu ya G4 inayokokotoa namba nyingi kwa mpigo mmoja. Sehemu hiyo imelala bure ndani ya mashine hii kwa miaka, na mimi naitaka ifanye kazi. Tatizo ni kwamba kuanzia 2.0 libjpeg-turbo hujengwa kwa CMake, programu inayoandaa maagizo ya ujenzi, na CMake kuanzia 3.10 inadai kompaila (kigeuza msimbo kuwa programu) inayojua C++11, toleo la 2011 la lugha ya C++. Xcode 3.1.4, zana za Apple za kujengea programu, ya mwisho kwa Leopard, inaleta kompaila za gcc 4.0 na 4.2, na zote mbili hazijui C++11. Kwa hiyo CMake yangu itakuwa 3.9.6.

Sasa kwa nini Ninja, wakati make 3.81, inayofanya kazi ileile, imo tayari ndani ya Xcode?

Sababu ni umeme. Hapa kwangu Katwe unaweza kukatika wakati wowote, na Mac mini haina betri ya kuishikilia. Make huamua nini kijengwe upya kwa kulinganisha tarehe za faili tu: kama faili ya .o (matokeo ya kukompaili) ni mpya kuliko .c yake (msimbo wenyewe), basi kazi imekwisha. Ukiisimamisha make kwa Ctrl-C, inafuta ile faili iliyokuwa katikati ya kuandikwa. Umeme ukikatika haipati nafasi hiyo. Ukirudi unakuta .o tupu, yenye ukubwa wa sifuri, ila tarehe yake ni mpya, na make inaipita kana kwamba ni nzima. Kosa linajitokeza mwisho kabisa, wakati wa kuunganisha, na hapo unaanza kutafuta ni ipi kati ya mamia ya faili iliyoharibika.

Ninja, iliyoandikwa na Evan Martin alipokuwa akifanya kazi kwenye Chrome kule Google, inaangalia tarehe pia, lakini juu ya hapo inaweka daftari. Amri ikimalizika salama ndipo inaandikwa kwenye .ninja_log, na orodha ya faili ilizotegemea inaingia kwenye .ninja_deps. Faili isiyo na rekodi humo inajengwa upya, hata tarehe yake iwe mpya namna gani. Kwa mtu anayekompaili mahali penye umeme wa kubahatisha, naona tabia hii ina thamani kuliko hata ile kasi ambayo Ninja inasifiwa.

Kabla ya yote nilibadilisha betri ndogo ya CR2032 iliyo ndani. Ikishakufa, kila umeme ukikatika saa ya mashine inarudi mwaka 1970. Zana za kujengea programu zinaishi kwa tarehe, kwa hiyo mashine inayoamini iko 1970 itakupa majibu ya ajabu. Betri hizi wanazo hata wauza saa wa barabarani. Kama una Mac ya zamani, anza na hilo.

Kupakua kwenye mashine yenyewe sikujaribu. OpenSSL ya Leopard, maktaba ya mawasiliano salama ya mtandao, ni ya kizazi cha 0.9.7, na TLS 1.2, itifaki inayodaiwa na tovuti nyingi, ilikuja na OpenSSL 1.0.1 mwaka 2012, kwa hiyo tovuti nyingi za leo hazipokei salamu zake. Nilipakua kwa simu, nikahamisha kwa flashi. Chukua faili za tar.gz, za xz Leopard haijui kuzifungua.

Kisha Python. Ninja kwa kawaida hujizaa kwa skripti iitwayo configure.py, ukiiambia `--bootstrap`. Mstari wake mmoja wa mwanzo unaomba print_function kutoka `__future__`, kitu kilichoanza na Python 2.6. Leopard ina Python 2.5. Ningeweza kuweka Python 2.7, maana kuna toleo la PowerPC, lakini kuongeza lugha nzima ili kupata programu ya faili moja sikuona sababu. Nikafungua folda ya src kuona kuna nini hasa.

Na hapo ndipo nilipoipenda kweli kazi ya hawa watu. Karibu kila kitu ni C++ ya kawaida, bila maktaba ya nje. Kuna faili mbili, lexer na depfile_parser, zinazotengenezwa na re2c, programu inayozalisha msimbo wa kuchambua maandishi, lakini zimekuja zikiwa zimeshatengenezwa, kwa hiyo re2c haihitajiki. Kwa kompaila za zamani kuna hata njia ya pembeni: hash_map.h ikikosa C++11 inatumia ext/hash_map, ambayo gcc 4.2 inayo. Chombo pekee kinachohitaji Python ni browse, cha kutazama uhusiano wa faili kupitia kivinjari, na hicho kinaachwa bila kuathiri kingine chochote. Mwisho kazi yote ilikuwa hii:

```
mkdir o
for f in src/*.cc; do
  case $f in
    *test.cc|*bench.cc|*-win32.cc|*.in.cc|src/browse.cc) continue;;
  esac
  g++-4.2 -O2 -DNDEBUG -c $f -o o/`basename $f .cc`.o || break
done
g++-4.2 o/*.o -o ninja
```

Mstari wa case ndio wenye maana. Unaondoa majaribio, vipimo vya kasi, faili za Windows, na zile .in.cc ambazo ni malighafi ya re2c. Ukiziacha za majaribio zikaingia, utapata main (mahali programu inapoanzia) zaidi ya moja na kuunganisha kutagoma.

`./ninja --version` ikajibu 1.8.2. Nilisimama nikazunguka chumba.

Baada ya hapo niliandika build.ninja fupi kwa mkono ili Ninja ijijenge yenyewe. Kanuni ya kukompaili ni hii:

```
rule cxx
  command = g++-4.2 -O2 -DNDEBUG -MMD -MF $out.d -c $in -o $out
  depfile = $out.d
  deps = gcc
```

Halafu mstari mmoja wa build kwa kila faili. Kuandika build.ninja kwa mkono si kazi inayokusudiwa, kwa kawaida CMake au Meson ndizo huiandika, lakini kwa mradi mdogo inasomeka vizuri kuliko Makefile nyingi nilizowahi kuona.

Jaribio nililolisubiri lilikuwa la umeme. Nilifuta .o zote na daftari zote, nikaanzisha ujenzi, na ilipofika src/build.cc nikachomoa waya ukutani. Nikarudisha, nikawasha, nikaendesha `ninja -d explain`. Jibu: `deps for 'o/build.o' are missing`. Haikuwa na rekodi ya faili hiyo, ikaijenga upya. Zilizotangulia hazikuguswa. Nilipoendesha tena baada ya kumaliza, ikasema `ninja: no work to do.`

Kinga hii ina mpaka wake. Ninja inaandika daftari, ila haiulizi diski kama data imeshatua kweli. Inawezekana rekodi iwe imeandikwa na .o yenyewe ilikuwa bado kwenye RAM. Kwenye ujenzi mrefu naendesha `sync`, amri ya kushusha data ya RAM hadi diskini, kila dakika moja kwenye dirisha jingine la Terminal, na hilo linapunguza hatari sana.

Kusakinisha hakuna mambo mengi, kwa sababu Ninja haina hatua hiyo kabisa. Kinachohitajika ni ile faili moja. `sudo mkdir -p /usr/local/bin`, kisha `sudo cp ninja /usr/local/bin`, basi. Ikikuta prosesa moja, Ninja inaendesha kazi mbili kwa wakati mmoja. Nimeiacha hivyo: diski ya mashine hii ni ya mizunguko 4200 kwa dakika, na kazi moja ikiingoja diski nyingine inatumia prosesa. Kwa C++ nzito nitaweka `-j1`, yaani kazi moja tu kwa wakati, kwa sababu ya RAM.

Wenye Tiger, yaani 10.4: posix_spawn, njia ya mfumo ya kuanzisha programu nyingine, ilianza na Leopard, kwa hiyo hakikisha toleo la Ninja unalochukua haliitumii, au uirudishe kwenye njia ya zamani ya fork na exec.

Inayofuata ni CMake 3.9.6, na hapo kuna kipande kimoja kisicho na kinga: skripti yake ya bootstrap inapita kwa make, na ujenzi wa kwanza wa CMake nzima ni wa make pia. Kwa G4 hiyo ni kazi ya saa nyingi. Nimemwomba kaka yangu betri yake ya sola ya volti 12, Ah 100, pamoja na inverta. Adapta ya Mac mini ni ya wati 85. Nikitumia nusu tu ya betri, yaani Wh 600, napata saa saba hivi hata adapta ikivuta nguvu zake zote, kabla ya kutoa kinachopotea kwenye inverta. Skrini nitaizima na kuingia kwa SSH kutoka kwenye laptopu. Kaka amekubali, mradi irudi kwake Ijumaa. CMake ikisimama, libjpeg-turbo itajengwa kwa `-G Ninja`, na kwa PowerPC haihitaji NASM, kigeuzi cha lugha ya assembly, kwa sababu msimbo wake wa AltiVec umeandikwa kwa C.