Na Kulwa na Doto Wako Wapi?

Jumatatu Shija alirudi kutoka shuleni na swali ambalo kwa miaka yote sita ya kuishi Tanga hatukuwahi kuulizwa. Wamepata mwalimu mpya wa hisabati, mwenyeji wa Shinyanga, na alipokuwa akiita majina kwenye rejista alifika kwake, akainua kichwa, akatabasamu na kumwuliza: "Na Kulwa na Doto wako wapi?" Darasa zima lilicheka bila kujua linacheka nini. Hapa Tanga watu hulichukua jina lake kama lilivyo, na wengine humwita Dija kwa kudhani kwamba Shija ni Khadija aliyeharibiwa na ulimi wa bara. Mwalimu yule hakuwa na haja ya kudhani. Kwa Msukuma na kwa Mnyamwezi, pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na mtoto anayezaliwa baada yao ni Shija, kwa hiyo anayelisikia jina hilo huwa amekwisha kuhesabu watoto watatu hata kama aliyesimama mbele yake ni mmoja.

Nilimwambia avue sare kwanza, ale. Kisha nikaenda kuitafuta kadi yake ya kliniki, kwa sababu nilihitaji kitu cha kushika mkononi, na huenda pia kwa sababu nilitaka swali jingine litangulie. Lilitangulia. Kwenye mstari wa jina la mtoto pameandikwa Mwamvita, jina likakatwa kwa mstari mmoja wa wino wa bluu, na juu yake, kwa mwandiko mwingine mwembamba, pameandikwa Shija.

"Mwamvita ni nani?" aliuliza.

Mwamvita alikuwa yeye, kwa siku nne.

Jina hilo nilikuwa nimeliweka moyoni tangu mwaka 2001, alipofariki bibi mzaa mama, aliyenilea pale Gongoni, mjini Tabora. Alizaliwa mwaka 1916, mwaka ambao majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora na Wajerumani wakaukimbia mji, na mtoto wa kike aliyezaliwa katikati ya vita, katika mji ule wenye Uswahili mwingi ndani ya Unyamwezi, hakuwa na jina linalomfaa kuliko Mwamvita. Hakuniomba hata siku moja nimrithishe mtu jina lake. Niliahidi mwenyewe, peke yangu, makaburini, baada ya watu kuondoka, na ahadi ya namna hiyo ni nyepesi kuitoa kwa kuwa hapana wa kukuuliza utaitimizaje. Kwa hiyo Desemba 2013, nilipomzaa huyu, nilimtajia muuguzi jina kabla hajaniuliza, naye akaliandika.

Nilichosahau kukihesabu ni kwamba vita havikuwa vimoja. Vile vya pili navyo vilizaa akina Mwamvita wake, na mmoja wao aliolewa na baba mkwe wangu.

Siku ya nne, tukiwa tumekwisha kutoka hospitali na kufikia mtaa wa Ng'ambo, hukohuko Tabora, kwa mama mkwe, nilimkuta barazani akichagua mchele kwenye ungo. Nilimtajia jina. Vidole vyake havikusimama. Alitoa chuya, akaitupa, akatoa jiwe, akalitupa, ndipo akasema: "Jina zuri, mwanangu. Ila mimi sitaliita."

Nilijua kwamba aliwahi kuwa na mke mwenza. Jina la mke mwenza huyo sikuwahi kulisikia, kwa sababu katika nyumba ile aliitwa "yule wa Sikonge" na wote tuliridhika. Waliishi ua mmoja kwa miaka kumi na moja. Uani palikuwa na mwembe mmoja, ambao upo mpaka leo, nao waliugawana: matawi ya upande wa jikoni yalikuwa ya mke mkubwa, ya upande wa choo yalikuwa ya mke mdogo, na embe lililoanguka katikati lilioza palepale, maana hakuna aliyetaka kuonekana akiliokota. Baba mkwe alipofariki, yule wa Sikonge alimaliza eda na kurudi kwao.

"Sasa nikisimama hapa mlangoni niite, Mwamvita, njoo unywe uji," mama mkwe aliniuliza, macho yakiwa bado kwenye ungo, "unadhani ataitika nani?"

Ningeweza kushikilia. Hakuna aliyenikataza, na mtoto alikuwa wangu. Baba yake alikuwa Kaliua na lori la mbolea ya tumbaku, na kila nilipompata kwenye simu alisema "mtakavyoamua," neno ambalo wanaume hulifungua kama mwavuli. Lakini nilimwazia mama yule, mtu mzima wa makamo yake, akilazimika kila asubuhi kulitamka jina lile kwa sauti ya mapenzi, nikaona kwamba nitakuwa nimemrudishia mke mwenza uani kwa mkono wangu. Nililiacha. Sifichi kwamba nililiacha kwa kununa.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa soko la majina. Wifi alileta matatu aliyoyatoa kwenye tamthilia. Jirani alinishauri nifuate mwezi wa Kiislamu. Shangazi wa mume wangu alisema pasipo shaka mtoto aitwe Kabula, kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha tangu tulipotoka hospitali, na mbula ndiyo mvua. Nikamjibu kwamba katika mtaa ule peke yake nilikuwa nimekwisha kuwahesabu akina Kabula watatu. Akasema basi, watakuwa wanne.

Usiku wa sita mtoto alilia. Alikuwa amelia usiku mwingine pia, lakini usiku ule alilia kana kwamba ametumwa. Umeme ulikuwa umekatika na mvua, na nyuma ya jiko mbuzi wa akika alikuwa akijibu kila kilio cha mtoto kwa sauti yake, jambo ambalo wakati mwingine wowote lingetuchekesha. Shehe alikuwa aje saa tatu asubuhi, mtoto anyolewe na atajwe jina, na jina hatukuwa nalo.

"Analilia jina," alisema mama mkwe, akanipokonya.

Aliketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, akanyosha miguu na kumlaza mtoto juu ya miundi yake, kichwa kikiwa kwenye vifundo vya miguu, akaanza kumtikisa kidogo kidogo na kumtajia majina ya watu wake. Alimtajia mama yake mzazi. Alimtajia shangazi aliyekuwa akirina asali kama mwanamume. Alimtajia Kalunde, Nyamizi, na mwingine ambaye sikulipata vizuri jina lake kwa sababu ya kelele za mvua kwenye bati. Baada ya kila jina alinyamaza kidogo, kama mtu aliyepiga hodi na anasubiri kusikia hatua za mwenye nyumba. Mtoto aliendelea kulia. Mwanga wa koroboi ulimpiga mama mkwe upande mmoja wa uso, nikaona kwamba amechoka, na kwamba kuna jina ambalo analizunguka, jinsi kuku anavyozunguka punje iliyo karibu na mguu wa mtu.

Mvua ilipopungua, alimgeuza mtoto, akamlaza kifudifudi mapajani na kumpigapiga mgongo, akasema, si kwa mtoto bali kama anayezungumza na ukuta wa pili: "Huyu ni Shija. Sisi ndio tunajifanya hatujui."

Miaka miwili na nusu kabla ya usiku ule, Mei 2011, nilijifungua mapacha wa miezi saba. Wa kwanza aliishi usiku mmoja na wa pili aliishi hadi adhuhuri ya siku iliyofuata. Mapacha hawachaguliwi majina, huja nayo. Aliyewaosha aliwaita Kulwa na Doto kwa kuwa ndivyo walivyokuwa, na tangu walipozikwa hapakuwa na mtu aliyeyataja majina hayo mbele yangu. Niliuchukulia ukimya huo kuwa ni huruma. Mimi mwenyewe niliushiriki, tena kwa bidii, hata nikafika mahali pa kumwambia muuguzi kwamba huyu ni mtoto wangu wa kwanza.

"Kwa hiyo mama, wale wawili unawahesabu?" nilimwuliza.

"Nani aliacha kuwahesabu?"

Sikuwa na jibu. Koroboi ilikuwa ikifuka moshi, akanyosha mkono akaupunguza utambi. Ndipo tulipotambua kwamba mtoto amenyamaza. Mama mkwe alinitazama kwa namna ya mtu aliyeshinda kesi. Kwa upande wangu, nakumbuka vizuri kabisa kwamba kabla kidogo ya hapo, wakati akipigwapigwa mgongo, mtoto alikuwa amecheua, cheuo kubwa la mtu mzima, na mpaka leo sijui ni lipi lililomnyamazisha. Sikulisema. Mbuzi naye alikuwa amenyamaza.

Asubuhi shehe aliuliza jina, akaambiwa, akatutazama mmoja baada ya mwingine na hakuuliza zaidi, kwa sababu yeye ni mtu wa Tabora. Mume wangu, nilipompigia simu, alinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani mtandao umekatika. Kliniki walilikata jina la zamani kwa mstari mmoja, na kabla ya siku 90 kwisha tulikuwa na cheti cha kuzaliwa kisicho na alama yoyote ya Mwamvita.

Jambo ambalo sikulifikiria usiku ule ni kwamba nilikuwa nimekubali kuulizwa. Kila nilipotaja jina la mwanangu, kituo cha reli, dukani, msibani, mtu alinipongeza na kisha akawaulizia wakubwa wake. Siku nyingine nilisema wametangulia, na mtu akanipa pole ambayo nilikuwa sijapewa kwa miaka miwili. Siku nyingine, nikiwa nimechoka, nilisema wako kwa bibi yao. Muuza karanga mmoja pale sokoni aliposikia hivyo aliongeza kopo zima juu ya nilizonunua, akasema hizo ni za Kulwa na Doto, wagawane sawa wasigombane. Nilizipokea. Nilizibeba hadi nyumbani zikiwa kwenye mfuko wake peke yake, nikaziweka kabatini siku tatu, halafu mama mkwe akazitwanga na kuzitia kwenye kisamvu, tukala.

Miaka mitatu baada ya akika ile, yule wa Sikonge alifariki. Mama mkwe alikodi gari, akaenda, na waliokuwepo walisema alilia kuliko watoto wa marehemu, akimwita kwa jina, Mwamvita, Mwamvita, hadi wakamtoa nje apate hewa. Aliporudi nilimpikia uji na sikusema kitu. Nilijiuliza tu kama angeweza kuliita hata wakati ule, na kama mimi nilijisalimisha mapema kupita kiasi.

Haya yote sikumsimulia Shija. Nilimsimulia habari za mwembe, akacheka sana, hasa kwa lile embe la katikati, akataka kujua kama sasa linaruhusiwa kuokotwa. Halafu akairudisha kadi mezani.

"Sasa mwalimu nimjibu nini?"

Nilimwambia ajibu kwamba Kulwa na Doto wako Tabora, na hilo ni kweli.

"Akiuliza wako darasa la ngapi?"

Nilianza kuhesabu tangu Mei 2011, kwa vidole, kwa sauti, kama ninayefanya hesabu ya kawaida, nikafika kidato cha kwanza. Alinitazama mpaka nilipomaliza. Hakusema kitu, akaenda kupanga daftari zake za kesho, na kipindi cha kwanza kesho ni hisabati.