Siku moja maishani mwangu: kusaka bagi kwa GDB, Mombasa

Saa kumi na mbili asubuhi, feri ya Likoni. Saa mbili kompyuta imewaka, mahamri na mbaazi pembeni. Ukisema unafanya kazi ya kompyuta, watu wanakuletea printa iliyokwama. Kazi yangu ni kusaka bagi, yaani makosa ndani ya programu, kwa GDB: programu inayoendesha nyingine na kuisimamisha utakapo, uone kinachoendelea ndani yake.

Saa tatu inafika programu ya C ya wakala mmoja wa kutoa mizigo bandarini. Inasoma orodha ya makontena, mistari 12,000, kisha inakufa. Hakuna wa kuichapa yote kwa kibodi, kwa hiyo faili lazima ielekezwe kwenye programu, iisome badala ya kibodi. Programu inaitwa `kagua`. Wengi hupotea papa hapa: huandika `gdb ./kagua < orodha.txt`. Sheli, programu inayopokea amri unazoandika (si ile ya mafuta), inaikabidhi faili GDB yenyewe, nayo inasoma namba za makontena kana kwamba ni amri, inazikataa moja moja, zikiisha inajifunga. Fungua kwanza `gdb ./kagua`, weka kituo, mahali programu itakaposimama, kwa `break soma_mstari` (sehemu inayosoma kila mstari), halafu `run < orodha.txt`. Ukirudia, `run` tupu yatosha, GDB inakumbuka. Na kama kuna aliyeacha `set startup-with-shell off`, alama ya < haitafanya kazi: programu itaipokea kama neno la kawaida na kukaa ikingoja kibodi.

Kusimama mara elfu kadhaa ni wazimu. `ignore 1 100000` (pita kituo namba 1 mara 100,000 bila kusimama), `run`, iache ife, kisha `info breakpoints`: kituo kimepitiwa mara 8,213. Anza upya na `ignore 1 8212`; itasimama kwenye mstari wenyewe wenye ugonjwa.

Saa sita, joto na feni inayolalamika. Maandishi ya programu yanachanganyika na ya GDB. Fungua dirisha la pili, andika `tty` upate jina lake, tuseme /dev/pts/3, na papo hapo `sleep 100000`, la sivyo sheli ya dirisha hilo itanyang'anyana herufi na programu. Ndani ya GDB: `tty /dev/pts/3`, kabla ya `run`.

Kisha simu ya yule wakala. "Kijana, faili ya majibu ni tupu. Programu yenu haiandiki!" Dakika kumi baadaye, tena. Baada ya swala ya adhuhuri, tena. Inaandika, mzee. Matokeo yakienda kwenye skrini hutoka mstari kwa mstari; yakielekezwa kwenye faili, maktaba ya C huyalimbikiza kwenye bafa, hifadhi ya muda ya kumbukumbu, mara nyingi baiti 4096, na kuyamwaga ikijaa. Programu ikifa ghafla, yaliyomo yanakufa nayo. Ndiyo maana faili huwa tupu, au imekatika katikati ya neno, na mtu anasaka kosa mahali ambapo programu ilishapita zamani. Chini ya GDB mchakato (programu inayoendeshwa) ulioanguka bado haujazikwa: `run < orodha.txt > majibu.txt`, ukianguka, `call (int)fflush(0)`, amri ya kumwaga bafa, ndipo ufungue faili. Mistari ya mwisho imo. Ila kama kumbukumbu imeharibika vibaya, amri hiyo nayo inaweza kuanguka.

Jioni hii haikuanguka. Mstari wa 8,213: karani amebandika namba mbili za kontena bila nafasi kati yake, herufi 22 kwenye `char namba[12]`, yenye nafasi 12 tu. Simu inaita tena. Feri ina foleni.