Kituo Hakina Geti, Faini Iko

Mnisamehe, leo naandika na hasira. Mpwa wangu, aliyekuja hapa Munich kusoma shahada ya uzamili, amepigwa faini ya euro 60 kwenye treni ya chini ya ardhi, akiwa karibu kushuka kituo cha Universität. Na tiketi alikuwa nayo mfukoni!

Kituo chenyewe kiko chini ya barabara ya Ludwigstraße, mlangoni mwa chuo kikuu cha LMU, njia za U3 na U6. Kilifunguliwa Oktoba 1971, mji ukijiandaa kwa Olimpiki ya mwaka uliofuata. Unashuka ngazi, treni inakuja, unapanda. Hakuna geti, hakuna konda, hakuna anayekuuliza chochote. Mgeni akiona hivyo anadhani serikali imeshamlipia.

Kijana alikuwa na Streifenkarte, ile kadi ndefu ya vipande 10. Safari ya mtu mzima ndani ya mji hula vipande 2: unaikunja mahali pake, unaichomeka kwenye kikasha cha mhuri kabla ya kufika kwenye reli. Usipoigonga, ni sawa na gazeti la jana. Nani angemwambia? Mkaguzi alikuwa amevaa jinzi na koti kama abiria wengine. Kijana akajieleza kwa adabu: nimelipia, hii hapa. Kalamu ikaendelea kuandika. Konda wa kwetu atakutukana, lakini mwisho mtaelewana. Huyu hakutukana, wala hakuelewa. Tena, behewa zima la wanafunzi, yeye ndiye aliyeanziwa. Hilo ndilo lililonichoma kuliko pesa.

Msidhani ni jambo la mchezo. Kupanda bila tiketi Ujerumani ni kosa la jinai, kifungu cha 265a, na wapo waliofungwa kwa hilo. Kwa hiyo ninyi mnaoniuliza kila wiki habari za kuja kusoma, sikilizeni: LMU haitozi ada kwa kozi nyingi, hata kwa sisi tusiotoka Ulaya, lakini ili upate viza mara nyingi utatakiwa uoneshe euro 11,904 kwenye akaunti iliyozuiwa, yaani ya benki inayokuachia pesa kidogo kidogo kila mwezi. Usipige hesabu kwa pesa za nyumbani ukajiona tajiri. Unaachiwa 992 kwa mwezi, chumba kinameza sehemu kubwa, halafu kosa dogo kama hili linachukua 60 nzima. Tiketi ya mwezi ya nchi nzima ni euro 63 tangu Januari 2026, na wanafunzi wa Bavaria wanapunguziwa. Ikateni wiki ya kwanza, kabla hata ya kununua sufuria.

Jumapili nilimpandisha U3 ileile hadi Olympiazentrum, maana alikuwa amenuna. Nikamwonesha uwanja ambako mwaka 1972 John Akii-Bua wa Uganda, akiwa njia ya kwanza ambayo hakuna anayeitaka, aliruka viunzi vya mita 400 kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Kipchoge Keino naye akachukua dhahabu ya mita 3,000 za viunzi na maji palepale. Kijana akacheka kidogo, akaniuliza, "Mjomba, na wao waligonga tiketi?"

Zile 60 nimelipa mimi. Dada, ukiisoma hii, usimpigie simu kumgombeza. Ana mtihani Alhamisi.